Ombi la Kuchanwa kwa Ukurasa Mmoja wa Kitabu cha Mnara

Mstahiki Meya,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakusihi ufunge mlango. Neno hata moja la barua hii lisivuke meza yako. Nimeandika kwa lugha ya kwetu makusudi. Ukihitaji mkalimani, tafuta mtu mzima asiyekaa vijiweni.

Mimi ni karani wa masijala, mwezi wa kumi na moja wa majaribio. Mwezi ujao kamati itaamua nithibitishwe kazini au nirudi kwa shangazi, aliyenilea na kunisomesha, na ambaye ameshawatangazia majirani kwamba nimethibitishwa. Wiki mbili zilizopita nilikuja katika mji wako wa kale kwa siku mbili, nikimbebea Mkuu wetu majalada ya mkutano. Siku ya pili asubuhi aliniita chumbani kwake hotelini, akiwa amejifunika blanketi hadi kidevuni. "Kijana, tumbo limenikamata," alisema. "Kalia kiti changu, andika kila neno, na usitoke hata dari likianguka."

Dari halikuanguka. Nilitoka. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mnara wenu umejengwa mahali pabaya. Kutoka kiti cha Mkuu unaonekana wote dirishani, toka mlango hadi kengele. Najua una miaka mia sita na ukumbi una kumi tu, lakini mjenzi mwenye busara huangalia mbele.

2. Kengele hulia kila robo saa. Mjumbe aliyekuwa akisoma jedwali la ishirini na saba alinyamaza kila mara kuipisha, na katika ukimya ule nilimsikia shangazi kama alivyoniaga: "Ukirudi ukanisimulia mazulia ya ukumbi, mwanangu, usinijie." Mtu amtii nani, aliyemtuma au aliyemlea?

3. Hakuna aliyenizuia. Saa nne na robo nilivuka barabara nikitumaini kwamba nitadaiwa kibali cha kutoka kazini. Mzee wa mlangoni alinikatia tiketi huku akitabasamu. Ngazi ni mia tatu na kumi na mbili, na kila baada ya kumi nilisimama ili mtu yeyote apate nafasi ya kunikataza. Huko juu niliona mapaa mekundu, mto, na daraja lililojaa masanamu, na kwa dakika tisa sikuogopa kitu chochote. Hali hiyo sijaizoea. Nailaumu halmashauri yako.

4. Kitabu cha wageni. Mstahiki, karani hawekewi kitabu chenye mistari mbele yake akaachwa salama. Walionitangulia waliandika jina moja na kuchora moyo. Mimi mkono ulikwenda wenyewe: jina kamili, cheo, anwani ya ofisi, saa ya kuingia, saa ya kutoka, namba ya jalada la safari, sahihi. Na chini ya sahihi, kwa mazoea ya miezi kumi na moja: "Kwa niaba ya Mkuu wa Idara."

5. Mzee wa mlangoni aliposoma anwani yangu alifurahi, akanionyesha hati iliyotundikwa ukutani, kisha stempu, kisha mwisho wa mwezi kwenye kalenda. Nikaelewa kwamba kila aliyeacha anwani hutumiwa hati ya pongezi yenye siku na saa aliyopanda mnara. Kwetu, barua zote ziingiazo na zitokazo hupita mezani kwa Mkuu. Naye ameshasifu mbele ya ofisi nzima kumbukumbu zangu za mkutano, zinazosema kwamba kuanzia saa nne na robo hadi saa sita "majadiliano yaliendelea kwa kina." Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninyi mmepona, mgeni ndiye asiyepata usingizi.

Hivyo naomba ukurasa ule uchanwe. Sheria ikikataa, itangazwe kwamba siku ile mnara ulifungwa kwa ukarabati. Wakitokea mashahidi, itakuwa rahisi zaidi kukana kwamba mji wako una mnara. Niko tayari kuliunga mkono hilo kwa maandishi, kwa kuwa nilikuwa mkutanoni.

Usijibu ofisini. Piga simu Jumapili kwa fundi cherehani, jirani yetu, uulize kama suruali ya kijivu imeshapunguzwa. Akisema bado, kata, shangazi yupo.

Wasalimie madiwani, wapiga kengele, na mzee wa mlangoni, ambaye sina kinyongo naye.

Wako kwa unyenyekevu na hofu,
Karani (jina unalo tayari)

Baada ya kuandika: Nilipomaliza barua hii niliipa namba ya kumbukumbu, nikaiweka kwenye trei ya zinazotoka. Mkono ulikwenda wenyewe. Leo asubuhi imerudi na wino mwekundu wa Mkuu pembeni: "Niliona jina lako. Aliyepanda na kuandika baada yako ni mimi, saa tano na dakika kumi. Waambie wauchane upesi." Kisha akaniita ndani, akanikaribisha kiti, akaniuliza kama shangazi hajambo.

Kwa hiyo nafuta maombi yote. Ukurasa ule usichanwe kamwe. Uwekwe mahali pasipofika maji wala panya. Mnara uko mahali pazuri sana. Hati zetu mbili zije katika bahasha moja, kabla ya kamati kukaa. Barua hii naipeleka posta kwa miguu yangu. Majibu yaje ofisini, kwa jina langu, mchana kweupe.