Kamati ya Kumwonyesha Yusta pa Kula

Wananchi wote wa Mbeya, wenyeji na wapita njia, walitangaziwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya bajaji kwamba enzi ya mwanafunzi kula kiholela imefika mwisho. Kuanzia Jumatatu hiyo, mwanafunzi mgeni asingehangaika tena kuuliza watu barabarani wapi kuna msosi mzuri. Angepanda hadi Kitengo cha Mwongozo wa Mlo, ghorofa ya tatu, ajibiwe kitaalamu.

Mkurugenzi wa kitengo, Bwana Anyelwisye, alilisikia tangazo kupitia dirishani akafumba macho kwa raha, maana aliliandika mwenyewe. Alipofumbua, mteja wa kwanza alikuwa mlangoni: binti wa chuo, begi mgongoni, ametokea Ilula, jina lake Yusta.

"Shikamoo baba. Nilikuwa naulizia tu, hapa mjini wapi wanapika vizuri? Toka nifike nakula biskuti."

"Marahaba. Swali zuri hilo," Mkurugenzi alisema. "Zuri mno, mtu mmoja hawezi kulijibu."

Akaita kamati. Bwana Joachim akasema huwezi kuzungumzia chakula kabla hujaitambua njaa, na njaa ya binti haijafanyiwa tathmini. Bwana Othmani akaonya kuwa kumtajia mgahawa mmoja ni kuionea mingine yote. Mkurugenzi akafurahi sana. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyofikiri. Yusta akaombwa asubiri kwenye benchi la korido wakati kikosi kazi kinaundwa.

Sasa, hakuna mjumbe hata mmoja aliyekuwa anaujua mgahawa wowote. Wangeujulia wapi? Wao walikuwa wanakula kikaoni. Kila siku saa saba mama mmoja alipandisha ngazi na mahotipoti: pilau, ndizi nyama, maharage, majani ya maboga. Kwa sababu hiyo hakuna kikao kilichowahi kufungwa kabla ya saa saba, wala kufunguliwa baada yake. Mkurugenzi aliyaita mahotipoti yale vitendea kazi, na usiku aliyaota.

Siku ya tatu Yusta akiwa bado kwenye benchi, mahotipoti yakampita puani. Akainuka kama aliyeitwa jina.

"Mama, shikamoo. Hiki chakula kinatoka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mwanjelwa, nyuma ya wauza mitumba. Ulizia kwa Batuli, ndiye mimi."

"Na wanafunzi wanaruhusiwa?"

"Wanaruhusiwa wenye njaa."

Mkurugenzi akatoka mbio na kijiko mkononi. "Binti! Taarifa hiyo haijathibitishwa!"

"Ndiyo naenda kuithibitisha, baba."

Akaithibitisha. Kisha akawatupia wenzake habari hiyo kwenye grupu la darasa, na wao wakawatupia wa madarasa mengine. Mkurugenzi akaandika taarifa kwa wakubwa zake kwamba kikosi kazi kimezaa matunda kabla hata hakijaundwa. Wakampongeza.

Alhamisi iliyofuata saa saba ikafika peke yake, bila hotipoti. Mkurugenzi akapiga simu.

"Batuli, vipi tena?"

"Wanafunzi wamejaa hapa, baba'angu, mpaka nimeazima mabenchi ya madrasa. Na hizo ngazi zenu zimenimaliza magoti. Mkitaka kula, njooni huku."

Ghafla Joachim akakumbuka ana msiba. Othmani akakumbuka gari lake liko kwa fundi. Kamati ikayeyuka, Mkurugenzi akabaki na tai yake na tumbo linalonguruma. Akashuka kwenda Mwanjelwa.

"Foleni inaanzia kule nyuma, mzee," akaambiwa.

Akaenda kule nyuma. Alipofika mbele, Batuli alikuwa anakwangua sufuria kwa upande wa mwiko. "Kimekwisha, Mkurugenzi. Kesho uwahi."

Pembeni Yusta na wenzake walikuwa ndiyo kwanza wamewekewa sinia la pilau, linafuka moshi, na paja la kuku juu yake. Yusta akamwona, akasimama kwa adabu.

"Jamani baba! Karibu chakula! Karibu sana!"

Moyo wa Mkurugenzi ukaruka. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na mtu mzima haparamii sinia kwa karibu ya kwanza. Anakataa. Anabembelezwa. Anakataa tena. Anavutwa mkono, ndipo anakaa, amekunja uso kama aliyeonewa.

"Asanteni wanangu," akasema, mkono tumboni. "Endeleeni tu. Nimetoka kula sasa hivi."

Akasimama pale pale kungoja kubembelezwa.

Yusta akamtazama kwa heshima zote. Alishakaa kwenye korido ya mtu huyu, na alijua mkurugenzi akishatamka hapingwi.

"Haya baba, asante kwa kutupitia," akasema, akakaa. "Farhan, sogeza sinia huku. Mzee ameshiba."

"Ingawa..." Mkurugenzi alianza.

Lakini mikono yote ilikuwa imeshazama kwenye pilau.