Mbuzi, Baruti na Wifi Yangu

Jumatatu, 9 Juni
Saa nne, nakamua, king'ora cha machimbo ya kokoto. Kisha, puu! Mbuzi karuka, teke, ndoo chini. Kikombe cha mwanangu kimenywewa na vumbi. Bwana mifugo anasema baruti husukuma hewa, hewa humpiga mnyama mwili mzima. Akishtuka, maziwa hayashuki. Wifi anasema si baruti, ni mkono wangu mkavu. Mkavu! Baba watoto kaamua: ikifika Ijumaa hakuna maziwa, mbuzi ahamie kwa wifi.

Jumanne, 10 Juni
Nimemziba masikio kwa pamba. Pamba moja kaila. Teke lilelile. Bwana mifugo kaniuliza, mama, mimi nilisema mwili mzima, wewe masikio umeyatoa wapi? Haya. Mwili mzima.

Jumatano, 11 Juni
Nimemfunga godoro la mtoto, kamba mbili. Katulia kama bibi harusi! Lakini chuchu nazo zimo ndani ya godoro. Nafungua tu, puu! Sasa godoro linafaa au halifai? Sijui. Mtoto kalala mkekani, kanuna.

Alhamisi, 12 Juni
King'ora kimelia, baruti haikulipuka, ililowa. Teke vilevile! Hewa haikusukumwa, kapigwa na nini? Nimewaza mpaka uji ukaungua. Kumbe mkosaji king'ora! Nikamwendea msimamizi wa machimbo, mtoto mgongoni, nikamwomba kwa heshima kilie baada ya mlipuko. Kaniuliza kama nyumbani wanajua niliko.

Ijumaa, 13 Juni
Teke. Wifi kaja na kamba yake, anacheka, eti pole wifi yangu, mikono mingine ni ya kukamua nguo. Mwanangu kakumbatia shingo ya mbuzi. Nimembandua kidole kimoja kimoja. Sikulia. Moshi tu.

Jumapili, 15 Juni
Kwa wifi jagi limejaa! Na ni ng'ambo ya barabara tu, baruti ileile. Kasema hana uchawi, anakamua saa kumi na mbili asubuhi. King'ora kikilia, mbuzi keshamaliza kazi. Eti nikiweza hivyo, kesho nimchukue mbuzi wangu.

Saa kumi na mbili? Ndiyo kwanza mwanangu ananiacha nipate usingizi! Nimefikiri vizuri, kwa utulivu. Nimemwandikia msimamizi barua safi: baruti ilipuliwe saa kumi na mbili. Saa hiyo wote tumelala, nani atasikia?