Fyuzi ya Winchi Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Winchi, mashine ya kuvutia vitu vizito, imefungwa mbele ya pikapu. Mke wangu kauliza nitavuta nini. Swali gani hilo? Kaka yake anavuta magari yaliyokwama na mtaa mzima unamsifu. Sasa zamu yangu!

Fundi umeme kaniambia nisiunganishe waya bila fyuzi. Tena si fyuzi yoyote: ilingane na unene wa waya, ikae karibu na betri, maana kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Kunifundisha mimi! Nilianza kuendesha gari yeye hajaota meno!

Jumanne, 4 Machi
Nimeweka fyuzi ya taa. Fyuzi ni fyuzi. Nikaita majirani washuhudie nikivuta gogo. Pa! Fyuzi kwisha, gogo halijatikisika. Shemeji, ambaye hakualikwa, akauliza kama winchi ni ya kuvutia mapazia. Watu wakacheka hadi wakashikana. Fundi naye akasema ile ilikuwa ndogo mno, nitafute kubwa, ya kufungwa kwa bolti. Kisha, kwa upole, akanishauri kazi niwaachie wenyewe. Wenyewe!

Alhamisi, 6 Machi
Nimetafakari. Fyuzi ya bolti sina, bolti ninayo. Chuma kitupu, hakikatiki. Nimeifunga palepale pa fyuzi. Mnyonge hana haki, lakini spana anayo.

Ijumaa, 7 Machi
Gari la mama mkwe limetumbukia mtaroni mbele ya lango letu, naye yumo ndani. Alikuwa anakwenda kliniki ya macho. Mke akataka tumwite kaka yake. Nikakataa katakata. Mwanamume yupo, winchi ipo!

Nikabonyeza. Gari likasogea! Shubiri nzima! Mama mkwe akanipungia. Kisha waya ukaanza kutoa moshi, mara moto. Bolti imetulia tuli. Mama mkwe, miaka sabini, akatoka kupitia dirisha, akachota mchanga wa ujenzi wa jirani, akazima.

“Pole, mwanangu,” akasema. “Macho hayaoni, lakini harufu niliisikia mapema.”

Shemeji akaja, akavuta gari, akaondoka bila neno. Huo ndio ubaya wake!

Jumamosi, 8 Machi
Pikapu haiwaki. Fundi anasema kosa ni bolti: fyuzi ingekatika, waya ungepona. Dhuluma! Kati ya vitu vyote, bolti pekee ndiyo iliyobaki nzima, nayo ndiyo inayosingiziwa! Mzembe ni waya. Kesho nanunua mpya. Bolti itakaa palepale. Nitaongeza na ya pili, kwa usalama.