Upepo Wako Unanizuia Kwenda Kwetu

Chebet, mfanyakazi wa ndani,
Mtaa wa Aziziya, Jeddah.
Mwisho wa Novemba.

Kwa Mkuu wa Hali ya Hewa,
Mji wa pwani ya kaskazini kabisa,
Ulaya inakoishia.

Mheshimiwa Mkuu,

KUH: MALALAMIKO JUU YA UPEPO, GIZA NA THELUJI YAKO

Nakusalimu kwa heshima kutoka huku kwenye jua, nikijua wewe uko kwenye baridi na huna mtu wa kukulaumu ila mwenyewe. Jina la mji wako nimeliacha makusudi. Nyokabi, mwenzangu anayefanya kazi nyumba ya jirani, aliliona kwenye simu akasema, "Hilo si jina, hapo mtu alilalia simu." Utusamehe. Hatuna nia ya kudharau mji wa watu.

Mimi na wewe hatujuani, lakini tangu Septemba wewe ndiwe unayeendesha nyumba ninayofanya kazi. Mtoto wa madam, Hashim, alikuja kwenu kusomea samaki. Samaki hata hapa Jeddah wapo, pale sokoni wamelala kwenye barafu macho wazi, lakini inaonekana wa hapa hawana elimu ya kutosha. Alipoondoka, madam alichukua simu yake, pale panapoonyesha hali ya hewa, akafuta Jeddah akaweka mji wako. Hajairudisha mpaka leo. Basi nyumba yetu iko Jeddah kwa kuta tu, kwa hewa iko kwako. Ndiyo maana nimeona nisimsumbue madam, nije moja kwa moja kwa mwenye mali.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Baridi. Kila asubuhi madam huangalia simu kabla hajafungua jicho la pili. Akiona umeshusha chini ya sufuri, anazima AC, anafunga madirisha yote na kuita, "Yalla, Chebet, soksi!" Hapa nje ni digrii thelathini na mbili. Napiga deki nimevaa soksi za sufu na sweta ya zamani ya Hashim. Jasho linaanguka sakafuni, nalipiga deki, linaanguka lingine. Mheshimiwa, hiyo kazi haina mwisho na haikuwa kwenye mkataba.

Tena nataka ujue kwamba madam si mtu mbaya. Anasikia baridi ya mwanawe kutoka bara lingine. Ila joto la chumba changu, kilicho juu ya paa kando ya tangi la maji, bado halijamfikia. Labda ni mtandao.

2. Mvua. Nikishaanika shuka zote za nyumba, simu inaonyesha wingu lako lenye matone, na madam anapiga kelele nizitoe. Napanda ngazi mbio. Juu anga ni safi kama sahani iliyooshwa na mtu anayeogopa kazi yake. Nazitoa. Zinakaukia koridoni siku mbili, zinanuka mbuzi aliyenyeshewa, halafu naulizwa kwa nini zinanuka.

3. Giza. Nasikia huko kwenu jua siku hizi linatoka kama mgeni mwenye haraka, linaonyesha uso na kuaga. Sisi huku adhana ya Alasiri haijatulia, madam ameshafunga mapazia na kuwasha taa. Anasema, "Hashim wangu yuko gizani, nile mchana?" Basi napika chakula cha usiku mchana. Halafu usiku wenyewe, huu wa Jeddah, unakuja na wageni, napika tena. Vyombo ni vya usiku mbili kwa mtu mmoja. Sasa Danson, dereva wetu, ananiambia karibuni jua lenu halitachomoza kabisa, mpaka mwaka ujao. Naomba jibu lako kwa maandishi: hicho chakula cha usiku nitakipika mpaka lini?

4. Gari. Katikati ya mwezi huu mvua ya kweli ilikuja Jeddah, hii yetu, isiyo na adabu. Simu za watu wote mtaani zililia kwa onyo. Danson akamwambia madam mawingu yamekaa vibaya. Madam akamwonyesha simu: siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, wewe ulikuwa umeweka anga safi. "Mafi mvua, Danson," yaani hakuna. Danson ni Mkamba wa Machakos, mvua anaijua kwa kuitamani, lakini utabishana vipi na jua lililo mkononi mwa bosi? Akatumwa mtaa wa Ghulail kununua viungo. Maji yalimkuta huko. Alishinda amekaa juu ya paa la gari, amekunja miguu, iliki na mdalasini kifuani, na watoto wa mtaa wakimwuliza nauli ya kwenda Makka ni ngapi. Gari halijapona. Danson amenituma niseme na lalamiko lake ulichukue.

5. Likizo. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Hayo mengine yalikuwa ya kusafisha koo.

Mkataba wangu wa miaka miwili uliisha Oktoba. Pasipoti yangu iko kwenye droo ya baba, ndiye mume wa madam, ambaye kazi yake iko Riyadh na huku huja wikendi. Ruhusa ya kutoka nchini anaibonyeza yeye kwenye simu, kidole kimoja tu. Nilipomwomba alisema yeye hana neno, niongee na madam. Madam akasema, "Hashim akija likizo, wewe nenda. Siwezi kubaki na nyumba tupu." Nikasema inshallah, mimi ambaye ni mwanakwaya.

Hashim akakata tiketi. Ukaleta upepo, uwanja wa ndege ukafungwa. Akakata nyingine, ukaleta theluji. Ya tatu ukaleta ukungu, nadhani upepo ulikuwa umeenda kupumzika. Wenzako wa Riyadh nao wana vumbi na baridi ya jioni, lakini wao hawajamzuia mtu kwenda kwao.

Ile ya tatu ilipoharibika, madam alikaa jikoni akalia. Miezi mitatu hajamwona mwanawe, alisema. Mitatu! Nikampa tishu, nikamwambia pole madam, ni vigumu. Halafu nikaenda kukunja shuka, kwa nguvu kidogo.

Mheshimiwa, mimi nina binti, anaitwa Shirleen. Nilimwacha kwetu Olenguruone na kogo wake, yaani nyanya, akiwa na miaka minne. Januari anaingia darasa la kwanza. Juzi mwalimu wa nasari aliwaambia watoto wachore mama zao. Shirleen akachora simu. Kogo anasema imechorwa vizuri, hata ufa wa kioo upo. Mwalimu akamwuliza, "Na mama yako yuko wapi?" Akajibu, "Si huyo, ndani."

Nataka siku ya kwanza ya shule nimpeleke nimemshika mkono. Mkono haupiti kwenye simu, nimejaribu. Mtoto wa madam anasomea samaki na dunia nzima inavaa soksi. Mtoto wangu anaenda kusomea a, e, i, o, u, na mimi nangoja wewe umalize kupuliza.

Kwa hivyo nina maombi. Mwanzo nilitaka kukuomba uahirishe majira yote ya baridi mpaka Februari. Nyokabi akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe Chebet, kwenu mmeomba barabara tangu uzaliwe hamjapewa, sasa unaomba kiangazi?" Nikaona ana maana. Nimepunguza:

(a) Utulize upepo asubuhi moja tu. Hata nusu ya asubuhi, ndege si kitu cha kupita pole pole.

(b) Ikishindikana, mfungeni Hashim blanketi vizuri mumtoe kwa meli. Samaki wa huko sasa wanamjua.

(c) Hiyo nayo ikishindikana, umwandikie baba barua, Riyadh, ueleze kwamba mimi Chebet sihusiki na hali ya hewa ya Ulaya na naweza kuachiliwa. Weka muhuri mkubwa. Watu wa huku na watu wa kwetu hawafanani kwa mengi, lakini wote hawabishani na muhuri.

Malalamiko haya ningeyapeleka kwa ajenti aliyenileta, ila simu yake ilizimika siku niliyopanda ndege. Labda naye anapigwa na theluji yako.

Nisikumalizie mchana, maana najua ni mfupi. Wasalimie vijana wako wanaomwaga theluji, na wale wa ukungu. Wasalimie samaki. Mama watoto mwambie avae soksi. Nyokabi anakusalimu. Danson pia, shingo upande.

Ni mimi, ninayeangalia mawingu yako kuliko ya kwetu,
Chebet, mama Shirleen.

Tanbihi: Mheshimiwa, kama hujaanza kutekeleza, tafadhali acha! Usiguse kitu! Kabla sijapata mtu wa kunipelekea barua hii posta, umefunga uwanja mara ya nne, na madam amesema halas, yaani basi, kama mtoto hawezi kutoka, mama ataingia. Anaenda kwa ndege mpaka mji mkubwa ulio jirani yako, kisha anapanda meli. Amefungasha dengu. Sasa desturi ya hapa ni kwamba mfanyakazi wa kike haachwi kwenye nyumba isiyo na madam, na baba akiwa anakuja wikendi peke yake. Watu watasema. Baba mwenyewe alipiga simu kutoka Riyadh, sauti kama ya mtu anayekimbiwa na mbuzi: "Chebet, wewe lini unataka kwenda?" Nikamwambia jana. Akabonyeza. Naondoka Alhamisi.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la mwisho. Danson hakubali kufuta la gari, lakini barua ni yangu. Theluji mwaga. Giza weka. Upepo hata ongeza kidogo, kwa sababu nasikia Hashim amekata tiketi ya tano, na akifika hapa kabla ya Alhamisi mimi nimekwisha. Ndege yangu ikishapaa, fanya utakavyo.

Huyo kijana mwambie avumilie siku chache tu, mama yake yuko njiani. Shirleen nimemwambia hivyo hivyo.