Ushahidi wa Mapigo Themanini na Nane

Jumanne, 9 Agosti 1994

Wiki ya tano nyumbani kwa Baba. Mapigo ya moyo kabla ya kuinuka kitandani: 70. Kule Homa Bay, nikiwa na mume wangu Werema: 88. Nimechora grafu kwa kalamu za rangi mbili. Inapendeza.

Wazee wa pande zote mbili watakaa Jumapili. Baba ameniuliza tena nitawaambia nini. Werema hunipiga? Hapana. Hulewa? Ni Msabato, hanywi hata chai. Huninyima chakula? Hapana. Basi, akasema Baba, utarudi naye jioni hiyohiyo. Nikamweleza kwamba ndoa ile inaniua polepole: kichwa, usingizi, majipu mawili. Akasema hajawahi kusikia ndoa iliyovunjwa na jipu.

Atasikia. Mimi ni mwalimu wa sayansi; nitawapa sayansi.

Jumatano, 10 Agosti

Mellen, mke wa kaka yangu Elkana, amenuna. Aliolewa kwa ng'ombe walewale walioletwa na Werema. Mimi nikiachika, ng'ombe watadaiwa, na wako zizini kwa baba yake. Amesema kwamba mimi nikipona, yeye ndiye atakayeugua. Sentensi nzuri. Nimeinakili.

Chakula cha jioni: mboga yenye chumvi ya kukaushia samaki. Nikalalamika. Pole wifi, akasema, ulimi wa mwanamke aliyemkimbia mumewe huwa hivyo. Nikamaliza sahani. Isije ikasemwa nimepoteza hamu ya kula.

Alhamisi, 11 Agosti

Zahanati. Muuguzi ni Caren, tuliyesoma naye. Nilitaka presha yangu kwenye karatasi yenye mhuri. Nilitembea kilomita nane juani, nikiifanyia mazoezi hotuba yangu, hasa sehemu ya kukoroma kwa Werema.

Presha: 150 kwa 95!

Nikamwambia mashine ni mbovu. Akajifunga mwenyewe: 115 kwa 75. Caren ana mume na watoto watatu, na hakuona aibu. Akauliza kama nakula chumvi nyingi.

Mellen!

Nikamwomba aandike 110. Akasema, Bhoke, hata kidato cha tatu ulikuwa ukitunga majibu ya maabara. Akagonga mhuri juu ya 150.

Ijumaa, 12 Agosti

Nakula viazi vitamu nilivyochemsha mwenyewe, mlango nimefunga. Karatasi ya Caren iko chini ya godoro.

Mpango mpya: uzito. Mzee asiyeelewa grafu anaelewa mnyama aliyenenepa. Nikaenda sokoni kwa mnunuzi wa mahindi. Wachukuzi wakanitia ndani ya gunia, wakanining'iniza kwenye ndoano ya mizani. Kilo 63. Nilitoka Homa Bay na 56. Kilo saba za amani!

Watu walijaa. Mwenye mizani akauliza kama nimekaushwa vizuri, maana yeye hanunui yenye unyevu. Nilikuwa naandika.

Jumapili, 14 Agosti

Wazee tisa. Mzee Maranga, mwenyekiti wao, aliigeuza grafu juu chini, akaisifu, akasema ni mlima mzuri. Nikaeleza mapigo. Wakasinzia. Nikaeleza kilo saba. Hapo wakaamka! Mmoja akanizunguka kama yuko mnadani, akawaambia wenzake kwamba kweli binti amerudisha mwili. Presha hawakuuliza. Nilikuwa nimeshinda.

Kisha Werema akaingia, amechelewa, akaomba radhi. Mashavu! Shingo! Mkanda umefika tundu la mwisho. Akasema kwa upole kwamba anakubaliana na mwalimu kabisa. Tangu niondoke, vidonda vyake vya tumbo vimetulia. Analala mpaka asubuhi. Majirani wanasema ameacha kukoroma. Presha ni 118 kwa 76. Akatoa karatasi. Ina mhuri.

Mzee Maranga akasema kesi imekwisha. Hawa kuachana kumewaponya wote wawili, ng'ombe warudi, kila mtu aende na afya yake. Mellen akaanza kulia mlangoni.

Mia na kumi na nane! Miezi minane mtu ananiita mpenzi, kumbe mimi ni kidonda cha tumbo! Na mashavu yale ameyapata wapi, kwa ugali wa kujipikia?

Nikasimama tena. Nikasema uchunguzi haujakamilika, wiki tano ni chache, naondoa ombi langu. Baba akafunika uso kwa kofia. Mzee mmoja akauliza huyu anafundisha watoto wa nani. Werema akakaa chini taratibu, mkono tumboni. Mellen akaniita wifi wa dhahabu, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Jumanne, 16 Agosti. Homa Bay

Siku ya pili. Kichwa kinaniuma, nadhani ni hewa ya ziwa. Jipu linachipuka kwenye kiwiko. Werema amerudia dawa yake ya tumbo na mkanda umerudi tundu moja. Kakoroma kama zamani. Alfajiri nilimwamsha nimpime. Akauliza kama kuna moto. Nikamwambia anyamaze, anaharibu hesabu.

Mapigo: mimi 94, yeye 99.

Nimemshinda kwa matano. Hatimaye ndoa imeanza kunifaa.