Suruali Iliyopotea Kwenye Treni

Jumatatu, 3 Novemba
Nimeamua. Sherehe ya Krismasi ya jumuiya yetu ya Waswahili huku Marekani mwaka huu nitaifunga mimi, si kwaya ya Mama Ernestine. Wakongo wale huifunga kila mwaka! Nitaifunga kwa nyimbo za kumbi za burudani za Uingereza ya zamani, zile ambazo mwanamke aliziimba kavaa koti la kiume na ukumbi mzima ukaitikia. Hapa Minnesota azijuaye ni mimi tu. Mwenyekiti, Mzee Gwakisa, amekubali nijaribu wimbo mmoja Jumamosi, kwenye chakula cha pamoja mjini Richfield. Ukumbi ukiitikia, Krismasi ni yangu.

Alhamisi, 6 Novemba
Koti la mtumba, kofia ndefu, masharubu ya gundi. Kiitikio nimekitafsiri mwenyewe, muungwana amepoteza nguo kwenye treni: "Konda, konda, umeiona suruali yangu?" Kazi safi. Mdogo wangu Elinaja atakaa katikati ya watu, aanzishe kuitikia. Kasema, "Dada, please, watajua tu umenipanga." Nimemwambia sanaa haina undugu.

Jumamosi, 8 Novemba
Ubeti wa kwanza. Nikainua kofia waitikie. Kimya! Elinaja alikuwa kwenye foleni ya pilau. Msaliti. Ubeti wa pili. Kimya tena, na nusu ya masharubu ikaning'inia kwenye maikrofoni. Mtoto akamuuliza mama yake kwa Kiingereza kama yule anko anaumwa. Ubeti wa tatu, sauti kutoka nyuma! Mama Ernestine kasimama. Kisha kwaya nzima, sauti nne, makofi, macho wamefumba, mikono juu: "Konda, konda, umeiona suruali yangu?" Hawakutaka kuniachia wimbo wangu! Nililia. Masharubu yaliyobaki yakaenda na machozi.

Baadaye Mama Ernestine alinikumbatia. "Mutoto yangu, kwetu kanisani mutu akishindwa kuimba, tunamushika. Hatuachake mutu azame." Maskini. Kanogewa na wimbo, anaona haya kukiri.

Jumapili, 9 Novemba
Mzee Gwakisa kapiga simu. Krismasi itafungwa na kwaya, kama kawaida. Mimi nitaimba mwanzoni, watu wakiwa bado wanatafuta parking. Mwanzoni! Kabla ya wote! Nimeshatafsiri beti sita zaidi. Mama Ernestine kauliza, kwa upole, kama aje mapema na kwaya waniitikie. Nimemjibu asihangaike.

Wivu wa wasanii jamani.