Optatus Avuka Ua Wake

Krii! Mlango wa stoo ya korosho ulilia kabla jogoo hajawika. Tegeni masikio, enyi watu wa Chiungutwa, mliooana juzi na mliooana zamani, niwasimulie safari ya Optatus, mng'oa visiki, mpuliza dawa ya salfa mikoroshoni asiyekohoa, aliyeuvuka ua wake mwenyewe akiwa na mkeka kwapani na ndoo mkononi!

Msimu ulipoanza alihamia stoo kulinda magunia, kama wafanyavyo wanaume wetu. Korosho zikaenda mnadani, masika yakaja, yakapita. Shujaa akabaki palepale, akilinda panya. Mkewe Veridiana, malkia wa mafiga matatu, alimpelekea chai na kurudi kimya. Siku moja akaniambia mimi jirani yake, tukichambua mbaazi, "Mama Gervas, mwenzangu amenichoka. Uzee huu." Hakulia, ila mbaazi nzima alizitupa na makapi.

"Aliyekuchoka angekupasulia kuni kila asubuhi?" nikamwuliza. Jioni nikamwita mumewe penye ua wa mianzi. "Shemeji, unalinda nini humo? Mwenzio anadhani umemchoka."

"Mimi? Nimchoke Mama Oliva?" Akarudi stoo kama aliyepigwa rungu.

Basi alfajiri iliyofuata mlango wa stoo ukalia, akatoka. Kamba ya nguo ikamkaba shingo, akapambana nayo, akaishinda. Mbuzi akamzuia njia kwa pembe. Akampisha kwa heshima, kama jemadari ampishavyo jemadari. Nami nilikuwa nawasha moto ng'ambo ya mianzi, shahidi wa vita hivyo. Akafika mlangoni kwake, akapiga hodi kama mgeni.

"Nani?"

"Ni mimi, Optatus, niliyeng'oa visiki vya bonde zima, nikashindwa na kibofu! Vidonge vya presha vinaniamsha usiku kucha, Mama Oliva. Nilihofia kukusumbua. Na hii ndoo... niliionea aibu."

Kisha malkia akanguruma:

"Baba Oliva! Nimelea watoto wako, nimemuuguza mama yako mpaka mwisho, leo nikimbie ndoo? Iweke hapo pembeni! Na hiyo miguu yako ya baridi ilete huku, nimeikosa tangu msimu wa korosho!"

Mlango ukafungwa. Nikageukia moto wangu, maana shahidi naye ana adabu.

Na ikumbukwe na vizazi vyote, kuanzia Masasi hadi Newala: siku ile, katika nyumba ile, jua lilipanda juu ya mikorosho na chai ilikuwa bado haijainjikwa.

Shujaa alipotoka, uso ukimng'aa, alikunja mkeka wake kwa mazoea, akaelekea stoo. Veridiana akachungulia, kanga ikiwa begani.

"Mkeka uache hukohuko kwa panya wako. Wewe usiku uje tena."

"Nipige hodi?"

"Piga. Nimeipenda."